Mtoto anayeitwa Subira anahitaji jina la nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wakaliona dogo, lakini ambalo limeushughulisha sana ukoo wetu na, kwa jinsi ninavyosikia kwa majirani, linazishughulisha nyumba nyingine pia. Jambo lenyewe ni hili: mtoto akipewa jina la kale la tabia njema, kama vile Subira, Stahamili, Hekima au Busara, nyumbani aitwe nani?

Binti wa marehemu dada yangu amejaliwa mtoto wa kike, na mumewe ameamua kwamba mtoto ataitwa Subira, jina la marehemu mama mzazi wa mume huyo. Hakuna aliyelipinga jina hilo. Mzozo umezuka kuhusu jina la kifupi. Mama wa mtoto anaona kwamba Subira ni jina la mtu mzima, na kwamba kumwita hivyo mtoto ambaye hata kuketi bado hajaweza ni kumvika cheo asichokiomba. Vijana wa nyumbani wamekwisha kuanza kumwandika "Suby" katika simu zao. Wajomba wanataka jina la Kizungu la pembeni. Wazee wawili wa upande wa mume wanasema kwamba jina la marehemu lisikatwe hata herufi moja. Mimi ni bibi wa mtoto kwa upande wa mama, na kabla ya kustaafu nilikuwa mwalimu wa shule za msingi mkoani Tanga kwa muda mrefu, kwa hiyo nimesikia majina mengi yakiitwa na nimeona yanavyowatendea wenyewe. Maoni yangu ni kwamba jina la kifupi ni la lazima, kwamba lichaguliwe mapema na wazazi badala ya kuachiwa mtaa, na kwamba litoke ndani ya jina lenyewe au ndani ya undugu wetu.

Nianze na sababu ya kusema kwamba ni la lazima, maana hapo ndipo ninapotofautiana na wale wazee wawili ninaowaheshimu sana. Wazazi wa zamani walipomwita mtoto Subira, mara nyingi walikuwa wakieleza hali yao wenyewe kuliko kutabiri tabia ya mtoto: labda walikaa miaka mingi katika ndoa bila ya kujaliwa mtoto, au mimba kadhaa zilitangulia zikaharibika. Faraja alizaliwa baada ya msiba, Shukuru alizaliwa baada ya hatari kupita, na Tumaini alizaliwa wakati familia haikuwa na kingine cha kushika. Kwa desturi hiyohiyo wakawepo Tabu, Shida, Mashaka na Sikujua, na hakuna mtu mwenye akili anayemtazamia Shida awe mtu wa shida. Lakini mwenye jina la tabia njema hapati msamaha huo. Watu husahau kwamba jina lilisimulia habari za wazazi, wakaligeuza kuwa kipimo cha mtoto.

Nimeliona hilo darasani mara nyingi kiasi kwamba sihitaji kulitafutia ushahidi mwingine. Msichana anayeitwa Subira akigombana na mwenzake kwa kunyang'anywa kalamu, jambo ambalo mtoto yeyote angegombana kwa ajili yake, wa kwanza kumkosoa atamwambia, "Wewe Subira gani usiye na subira?" Mvulana anayeitwa Hekima akikosea hesabu ya kugawanya, darasa zima litacheka kicheko ambacho wasingemcheka Juma aliyekosea hesabu hiyohiyo. Juma akikasirika amekasirika tu. Subira akikasirika anahesabiwa kuwa amevunja ahadi, na ahadi yenyewe aliwekewa na watu wengine kabla ya kuzaliwa. Walimu nasi tulishiriki katika hayo, kwa sababu ni karipio jepesi linalomjia mtu mdomoni bila ya kufikiri.

Kwa wasichana jambo hili huendelea hadi ukubwani, na ndilo linaloniuma zaidi. Methali ya subira yavuta heri ni methali njema, lakini nimeisikia ikitumiwa kumnyamazisha mwanamke mwenye jina hilo pale alipokuwa na haki kamili ya kulalamika, tena ikiambatana na maneno "ndiyo maana ukaitwa hivyo". Sidhani kwamba kuna mtu anayeitwa Baraka au Bahati ambaye jina lake limetumiwa kumzuia asidai haki yake kwa namna hiyo. Kwa hiyo ninapotetea jina la kifupi, sitetei deko tupu. Natetea nafasi ya mtoto kukasirika, kulia, kukataa uji na kudai zamu yake ya kucheza bila ya jina lake kutolewa kama hoja dhidi yake. Mtoto akiwa na jina jingine la kuitwa jikoni na uwanjani, Subira hubaki kuwa jina lake, na haligeuki kuwa fimbo ya kila siku.

Wale wanaosema kwamba jina la pili ni ulimbukeni wa siku hizi wangefanya vyema kukumbuka desturi ya Pwani. Mtoto wa Kiswahili alikuwa na jina la utotoni, alilopewa mara tu anapozaliwa, pengine na mkunga au na bibi, kisha akapewa jina la ukubwani ambalo wazazi na wazee walikuwa wamelishauriana. La kwanza mara nyingi lilikuwa jepesi na lilitokana na tukio: aliyezaliwa usiku akaitwa Chausiku. La pili ndilo lililobeba dini, ukoo na matarajio. Watu hawakuona kwamba jina moja linalikosea heshima la pili, na wapo waliozeeka na majina yote mawili, hili likitumiwa na ndugu na lile likitumiwa na kadhi.

Aidha, katika mfano wa nyumba yetu kuna kizuizi ambacho vijana hawakukifikiria. Mtoto amepewa jina la mama mkwe wa binti huyo wa dada yangu. Katika jamii nyingi za kwetu mke hatamki jina la mkwewe kienyeji, na hawezi kabisa kusimama uani akapaza sauti, "Subira, hebu njoo hapa, mchafu wewe!" wakati jina hilo ni la marehemu mama mkwe. Hii ni sababu mojawapo kubwa iliyowafanya watoto waliorithi majina ya wazee kuitwa kwa majina ya undugu. Baba humwita binti yake "mama", kwa kuwa amebeba jina la mama yake. Mke naye humwita "mama mkwe" au "bibi", kwa mapenzi na kwa heshima kwa wakati mmoja. Aliyerithiwa jina, kama yu hai, humwita mtoto "somo". Sisi bibi zake wengine tunamwita "mke mwenzangu", na babu humwita "mchumba", utani ambao kila nyumba inaujua. Hayo yote ni majina ya nyumbani yaliyo tayari, na mtoto anayaelewa yanavyomuunganisha na kila anayemwita. Anayesema kwamba hakuna jina la Kiswahili la kumdekeza mtoto huyu hajasikiliza vizuri nyumbani kwake.

Hata hivyo nakubali kwamba majina ya undugu hayatoshi, kwa sababu mtoto atakuwa na marafiki, na rafiki hawezi kumwita "mama mkwe". Hapo ndipo jina la kukatwa linapohitajika, na ningependa kueleza kwa makini jinsi lugha yetu inavyokata majina, kwa maana ina kawaida yake. Khadija huwa Dija. Fatuma huwa Tuma. Upendo amekuwa Pendo kwa muda mrefu hadi Pendo limesimama kama jina kamili, na wapo wanaolisajili hivyo tangu mwanzo. Katika majina hayo ya silabi tatu, ya kwanza hudondoshwa na mbili za mwisho hubaki, ikiwemo ile inayobeba mkazo wa sauti. Ndiyo maana mtu akiitwa kutoka mbali anasikia sehemu ileile aliyozoea kuisikia ikivutwa. Majina marefu zaidi mara nyingi hukatwa upande wa nyuma: Selemani huwa Sele, Ramadhani huwa Rama. Mohamedi akawa Mudi, Bakari akawa Beka, Abdallah akawa Dula, na hapo irabu zimebadilishwa kwa ajili ya wepesi. Karibu yote huishia kuwa silabi mbili zinazotamkika kama neno la kawaida la Kiswahili, na kwa hiyo hayachoshi ulimi wa bibi wala wa mtoto mwenzake.

Ukilifuata hilo, Busara anakuwa Sara, jina zuri ambalo hakuna atakayelishangaa. Subira anakuwa Bira. Tumaini, akikatwa upande wa nyuma, anakuwa Tuma. Stahamili anaweza kuwa Mili. Rehema anaweza kuwa Hema, ingawa naona kwamba jina hilo ni fupi na laini kiasi kwamba halihitaji kuguswa. Rehema na Neema ni majina ya tabia njema ambayo hayajawahi kuonekana ya kizee, na nadhani wepesi wake mdomoni umechangia.

Lakini kukata kuna mitego, na mzazi asipoifikiria, watoto wa darasa la pili wataigundua kabla ya saa nne asubuhi. Hekima akikatwa kwa kawaida ile ya Dija na Tuma, kinachobaki ni kima, na hakuna mtoto atakayekubali kuitwa jina la mnyama huyo wa jamii ya nyani. Tumaini akikatwa vibaya anakuwa Maini. Shukuru akikatwa upande wa nyuma anakuwa Shuku, na mtu huyo ataonekana kama anamtilia shaka kila mmoja. Kipande cha mwisho cha Imani sitakitaja katika gazeti linalosomwa na familia. Wazazi wake wachukue kile cha mwanzo na kumwita Ima. Hata hilo "Suby" la vijana wetu, likiandikwa kwa Kiswahili, ni Subi, na linawakumbusha watu wadudu wale wadogo wanaoitwa usubi, ambao hakuna mtu anayewapenda. Siyo kosa kubwa, na mahali ambapo usubi hautajwi sana pengine lisingemdhuru mtoto, lakini iwapo Bira lipo na halina kasoro hiyo, sioni sababu ya kumpa mtoto kazi ya kujitetea.

Kuhusu ile herufi ya y mwishoni, naomba vijana wanisikilize bila ya kukasirika. Sina chuki na majina ya wageni. Waingereza nao walikuwa na majina ya tabia njema. Wale wafuasi wa madhehebu ya Wapuritani walioshika sana dini katika karne ya 16 na ya 17 waliwaita watoto wao Patience, Prudence na Mercy, na mmoja wa viongozi wa waliohamia Marekani kwa meli ya Mayflower mwaka 1620, William Brewster, alikuwa na watoto walioitwa Love, Patience na Fear. Wao pia walihitaji majina ya nyumbani, wakayakata kwa kawaida ya lugha yao: Prudence akawa Prue, Constance akawa Connie. Majina ya Mercy, Grace na Patience yako kwetu pia, hasa Kenya na Uganda, na anayeitwa Patience ana haki ya kuitwa Pat. Ninachokiuliza ni kwa nini mtoto anayeitwa Subira avalishwe mkia wa Connie wakati lugha ya jina lake ina njia zake, tena zinazotumika kila siku mitaani kwa kina Dula na Mudi. Kijana anayemwita rafiki yake Sele hajioni mshamba. Kwa nini aone ushamba katika Bira?

Mfano wa Barack Obama unafaa hapa, kwa kuwa jina lake lina asili moja na Baraka wetu, naye alilirithi kwa baba yake Mkenya. Katika utoto na ujana wake huko Hawaii alijulikana kama Barry, jina ambalo lilimrahisishia mambo miongoni mwa watu wasiolijua jina la baba yake. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo akachagua kuitwa Barack, na ndilo jina alilochaguliwa nalo kuwa rais mwaka 2008. Wapo wanaoutumia mfano huo kupinga majina ya kifupi. Mimi nauona kwa namna tofauti: jina kamili lilikuwepo, halikufutwa na mtu, na mwenyewe alipolihitaji alilikuta. Kama wazazi wangelibadilisha kabisa kwa kuogopa dunia, asingekuwa na pa kurudi. Ndiyo maana nawapinga pia baadhi ya shangazi wa mtoto wanaopendekeza kwamba Subira lisitajwe kabisa mpaka mtoto akue. Jina ambalo halijatajwa kwa miaka kumi na tano haliwezi kuwa lake siku moja ya ghafla. Litajwe katika dua, litajwe siku ya matokeo ya shule, litajwe na baba anapomsimulia habari za mama yake.

Kuna kipimo kimoja ninachowashauri wazazi wakitumie kabla ya kuamua. Walitamke jina la kifupi wakilitanguliza na neno Bi, kisha na neno Mama, na wasikilize kama linaweza kumkaa mwanamke wa miaka sabini. Majina ya utani ya kwetu hudumu. Fatuma binti Baraka, mwimbaji mashuhuri wa Zanzibar aliyefariki mwaka 2013, alizeeka na kuheshimiwa duniani kote kwa jina la Bi Kidude, na wengi waliompenda hawakulijua hata jina alilopewa na wazazi wake. Bi Bira linasikika vizuri. Bi Sara pia. Mengine mengi ninayoyaona yakiandikwa siku hizi hayatafika hata arobaini.

Nirejee kidogo kwenye neno hilo Mama, kwa kuwa linagusa maisha ya wanawake kuliko tunavyofikiri. Msichana wa kwetu akizaa, mtaa mzima humwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza: Mama Juma, Mama Asha. Kwa miongo kadhaa jina lake mwenyewe hutajwa kliniki, benki na mahali pa kupigia kura, na ndugu zake wachache ndio wanaoendelea kumwita kwa jina la utotoni. Nimewaona wanawake wazima ambao uso hubadilika kwa furaha kaka yao anapofika kutoka safari na kuwaita jina lile la nyumbani ambalo waume zao hawalitumii. Kwa hiyo jina hili tunaloliita dogo huenda likawa ndilo jina pekee ambalo mwanamke atakuwa nalo bila ya kulishirikisha na mtoto, mume wala ofisi. Likichaguliwa kwa uzembe, tutakuwa tumemnyima kitu cha kumfaa kwa muda mrefu sana.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi. Jina la nyumbani libaki nyumbani. Kwenye cheti cha kuzaliwa, ambacho kwa Tanzania Bara hutolewa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, liandikwe Subira, na ndilo liandikwe pia anapoandikishwa darasa la kwanza. Nimeona wazazi waliomwandikisha mtoto kwa jina la kifupi kwa sababu ndilo lililowajia mdomoni siku ile, kisha jina hilo likapanda naye hadi mtihani wa darasa la saba na kidato cha nne, na alipoomba kitambulisho cha taifa akaambiwa kwamba majina hayalingani. Kinachofuata ni hati ya kiapo, nauli na foleni, kwa kosa ambalo lingeepukwa kwa kumuuliza bibi yake jina kamili.

Na mtoto mwenyewe akifika umri wa kujua anachokitaka, asikilizwe. Akisema kwamba amechoka na Bira na sasa anataka aitwe Subira, basi aitwe Subira, hata kama ndugu zake wataona ugumu kuuzoea ulimi mpya. Akisema kinyume chake, vilevile. Wazazi wanachagua kwa niaba ya mtu ambaye hawajamfahamu bado, na hilo linatosha kuwafanya wachague kwa unyenyekevu.

Ndugu Mhariri, nina ombi moja kwako na kwa wasomaji wako. Majina mengi ya kifupi yaliyotumiwa na wazee kwa watu walioitwa Stahamili, Uvumilivu, Heshima, Adili na mengine kama hayo hayajaandikwa popote ninapopajua, na mimi mwenyewe sina jina la kumshauri mzazi wa Uvumilivu. Wasomaji wa Tanga, Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu, na wale wa bara wenye desturi zao, wakiandika katika ukurasa huu jinsi bibi na babu zao walivyokuwa wakiitwa nyumbani, wazazi vijana watapata pa kuchagulia. Mimi nimeanza na Bira, ambalo mama wa mtoto amelikubali, na baba bado analifikiria.

Wako katika ujenzi wa lugha yetu,
Mwalimu mstaafu,
Tanga.